Maji ya Juu

Fundi hasimamishi gari kwa ajili ya mandhari. Husimama kwa mambo matatu tu: mafuta, trafiki na mahindi ya kuchoma, na hilo la tatu ndilo lenye nguvu kuliko mawili ya kwanza. Ndiyo maana picha zangu zote za siku za mwanzo zimepigwa gari likiwa mbio: ukingo wa dirisha upande mmoja, sikio la Mwalimu upande wa pili, na katikati kitu cha kijani ambacho ukiniuliza ni mlima upi siwezi kukuapia. Sikio lile lilinikera. Nilimwambia mara tatu au nne arudishe kichwa nyuma walau kidogo. Alirudisha, na baada ya dakika moja akawa amekwisha kujibandika tena kwenye kioo, kama mtoto aliyepandishwa basi kwa mara ya kwanza.

Tulikuwa wanne, na majina yetu ya shuleni yanatosha. Fundi, kwa sababu aliwahi kuifufua redio ya bweni kwa kijiko na waya wa pasi. Mwalimu, ambaye siku zile lilikuwa jina la kejeli, na sasa anafundisha jiografia Morogoro. Shangazi, mtoto wa Tanga, aliyepewa jina hilo akiwa na miaka 18 kwa tabia yake ya kumuuliza kila anayekutana naye kama amekula. Na mimi, ambaye jina langu la shule halifai kuandikwa. Tulimaliza kidato cha sita pamoja, tukatawanyika, na kwa karibu miaka 30 tumekuwa tukionana kwenye misiba na kwenye harusi za watoto wa watu. Mwanzoni mwa Desemba ile Shangazi akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: mtu akifa tunafika wote ndani ya siku moja, kwa walio hai mbona tunakosa nafasi? Hakuna aliyejibu kwa saa nzima. Kisha Fundi akatuma picha ya Land Cruiser yake kuukuu, boneti likiwa wazi, bila neno lolote. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumechanga, na Shangazi amejiteua kuwa mweka hazina.

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa napapita haraka, kama tulivyopapita. Kila aliyesafiri njia ile anaijua: Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi na vibao vinakutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, mibuyu ya bonde la Ruaha, kisha mlima Kitonga, ambako malori ya Tunduma hupanda yakikohoa na wewe unakaa nyuma yake ukihesabu boliti za tela. Matuta sitayazungumzia. Tulilala Iringa, tukaamka na baridi, na Shangazi akavaa vitenge viwili juu ya dera. Hakuvivua hadi Kyela.

Safari yenyewe, kwangu mimi, ilianzia Uyole. Hapo ndipo unapoiacha barabara ya Zambia, kilomita chache kabla ya Mbeya mjini, ukakata kushoto kuelekea kusini, na nchi ikabadilika palepale. Udongo unakuwa mweusi. Pembeni mwa lami kuna ndoo za viazi mviringo zilizojazwa mpaka juu, na nyuma ya ndoo magunia ya lumbesa yenye vichwa vya kushonewa, marefu kuliko wanaoyauza. Mwalimu alituambia tupo kwenye njia panda ya nchi: Bonde la Ufa linakuja hapa kutoka pande tatu, mkono wa Rukwa, mkono wa Usangu na mkono wa Nyasa, na panapokutana mikono hiyo ardhi ilipasuka ikatapika moto. Mlima Rungwe, wenye kukaribia mita 3,000, ni mtoto wa moto huo. Kiejo, ulio jirani yake, ulimwaga uji wake wa mwisho karibu miaka 200 tu iliyopita, maana yake babu wa babu ya mtu wa huku aliuona.

"Ndiyo maana migomba inakubali hivi," akasema Fundi. Kwake jiolojia huishia kwenye ndizi.

Ziwa la Ngosi hatukuliona. Nalisema mapema ili msomaji asingoje. Tulipaki Isongole, tukapata kijana wa kutuongoza, tukapanda msituni kwenye njia ya mizizi na tope, migomba ya mwitu na majani ya miti yakitudondoshea maji shingoni. Mwalimu alijikwaa mara nyingi kuliko sote na kila mara alilaumu viatu. Tulipofika ukingoni mwa kreta, mbele yetu palikuwa na weupe mtupu.

"Ziwa liko hapo," kijana akasema, akinyoosha mkono.

"Hapo wapi?"

"Hapo hapo, mama. Chini kama mita 200. Lina umbo la ramani ya Afrika."

Tukakaa. Tukala mayai ya kuchemsha. Kijana akatueleza rangi ya maji, akatueleza kuta za mwamba zilivyolizunguka, akatueleza kwamba kwa ukubwa ni la pili katika Afrika nzima kati ya maziwa ya namna yake, na kwa jinsi alivyoeleza nilianza kuamini nimeliona. Ukungu haukufunguka. Baada ya saa moja na nusu Shangazi alisema miguu yake imeganda, tukaanza kuteremka. Ndipo Mwalimu, aliyekuwa nyuma yangu, akacheka peke yake na kusema, "Leo tumelingana." Sikumwelewa, na wala sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya jiografia.

Tukuyu mvua haibishi hodi. Mji huu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nadhani robo ya hizo ilishuka usiku ule juu ya bati la gesti yetu. Umeme ukakatika. Tukakusanyika chumba kimoja na tochi ya simu, parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga likiwa limepasuliwa juu ya gazeti, na Fundi, ambaye kwa asili ni Mnyakyusa wa bonde hilihili ingawa alikulia mjini, akaanza kutusimulia habari za babu yake.

Babu huyo, alipokuwa mvulana wa miaka kumi hivi, alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala kwenye vibanda ambavyo yeye na wenzake waliochunga ng'ombe pamoja walivijenga pembeni mwa kijiji. Hakurudi tena kulala nyumbani. Hawakuwa wamefukuzwa, ndivyo watoto wa kiume walivyokua. Chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Vibanda vikawa nyumba, wavulana wakawa waume, wakaleta wake, na kibanda cha watoto kikageuka kijiji kamili cha watu wa rika moja. Baba na mwana hawakukaa kijiji kimoja. Jirani yako, wa kulia na wa kushoto, alikuwa mtu uliyechunga naye.

Nilikuwa nimeyasoma haya. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliishi na kufanya utafiti Unyakyusani pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, na mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji hivyo vya marika, Good Company. Neno lililobeba kitabu kile ni ukwangala: kukaa na wenzako wa rika kwa raha, kula nao, kunywa nao, kupiga soga. Wanyakyusa aliowaandika hawakuuona ukwangala kama starehe ya baada ya kazi. Kwao hapo ndipo mtu alipopatia adabu na akili. Mtu anayechinja akala na watu wa nyumbani mwake peke yao, bila kumwita jirani, alijitafutia maneno mabaya.

Nikalitaja neno hilo. Fundi akashtuka kusikia linatoka kinywani mwangu, akanisahihisha matamshi, kisha akasema kwamba bibi yake alilitumia kama tusi la mapenzi: mzee yuko wapi? Yuko kwenye ukwangala wake, na kuni hazijapasuliwa.

"Ngoja," akasema Shangazi. "Hao wavulana walikwenda kula kwa mama zao. Wakakua, wakapikiwa na wake zao. Sasa hao mama na hao wake, rika lao lilikuwa kijiji gani?"

Fundi akakohoa. Msichana aliolewa mapema, akahamia kwenye kijiji cha rika la mumewe, na wenzake aliokua nao wakaolewa kwingine. Huo ndio ukweli wake, na kitabu hakiuficha. Kijiji cha marafiki kilisimama juu ya mafiga ya watu ambao hawakupewa kijiji. Tangu usiku ule kazi ya kukata nyanya na vitunguu ilikuwa ya Fundi mpaka tuliporudi, na alikata vibaya, vipande vikubwa kama vya kulishia punda. Hatukumsamehe.

Asubuhi tulikwenda kuliona Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya upinde wa mwamba ambao haukujengwa na mtu: uji wa volkano ulipoa ukawa jiwe, mto ukajipatia njia chini yake. Pazuri, na pana watu wengi wa kupiga picha. Tukapita pia ziwa Masoko, duara dogo la maji tulivu ambalo wenyeji husimulia kwamba Wajerumani waliokuwa na boma hapo walitupa humo fedha zao na silaha zao walipokimbia. Alikuja mtoto na sarafu iliyoota kutu mkononi. Mwalimu aliigeuza, akaisogeza mbele kabisa ya pua yake, akaitazama kwa muda mrefu kupita kiasi. Nikadhani anakadiria bei.

Kisha ni kushuka. Kati ya Tukuyu na Kyela unashuka mpaka masikio yanaziba, chai inakuwa migomba, migomba inakuwa mikakao, na ghafla uko kwenye tambarare ya mpunga, jua linawaka na Shangazi anavua kitenge cha kwanza, kisha cha pili, kama mtu anayerudi kwao. Mchele wa Kyela nilikuwa nimeula maisha yangu yote bila kujua kwamba unaota chini ya ukuta. Ukuta ndilo neno. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki wa ziwa bila kilima cha kuitangulia, inaanzia majini na kwenda juu hadi kupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Imepewa jina la mtu ambaye mwenyewe hakuwahi kufika ncha hii ya kaskazini. Na ziwa nalo halikuponea: nyasa, katika lugha za huko, ni ziwa. Tunaposema Ziwa Nyasa tunasema Ziwa Ziwa, na hakuna anayecheka.

Matema iko pale ukuta unapokutana na mchanga. Tulifika jioni, tukaingia majini na nguo zetu, watu wazima wenye presha na wajukuu. Sitaeleza jua lilivyozama. Halikuzama ziwani hata hivyo, lilizama nyuma ya milima ya upande ule mwingine, mapema, bila maonyesho.

Usiku, tukiwa tumezunguka moto, Mwalimu alitusomesha. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 560 hivi na kina kinachofika mita 700. Lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, mamia kwa mamia, na wengi wao hawapatikani kokote kwingine. Lakini samaki wote hao, akasema, wanaishi juu. Maji ya juu yana joto, ni mepesi; ya chini ni baridi, ni mazito; na kwa kuwa nchi hii haina majira ya baridi kali ya kuyapoza ya juu yakazama, hayo mawili hayakorogeki mpaka chini. Ukishapita mita 250 hivi hakuna hewa ya oksijeni. Kuna giza na maji, basi. Sehemu kubwa ya kina kile tunachojivunia haina samaki hata mmoja.

"Kumbe hata ziwa linaishi juu juu," Shangazi akasema.

Tukacheka, na labda kwa sababu ya kicheko kile, au kwa sababu ya moto, Shangazi akapata wazo ambalo nadhani alilisoma mahali. Akasema tuzime simu, tuache utani, na kila mmoja aseme jambo moja linalomlemea moyoni, la kweli, la ndani. Tumejuana miaka 30, tusizungumze tu habari za mafuta na mahindi.

Nani alipata kuona ukimya kama ule? Moto ukalia. Fundi akasema biashara ni ngumu. Mimi nikasema kitu kuhusu mama yangu ambacho kilikuwa kweli ila hakikuwa ndicho. Mwalimu akasema anamshukuru Mungu. Shangazi mwenyewe, ilipofika zamu yake, akaulizia kama kuna mtu aliyefunga vizuri mfuko wa mchele. Tulikuwa kama watu wanne walioitwa ofisini. Mwalimu ndiye aliyetuokoa, akaturudisha kwenye ziwa.

Akatusimulia habari za manahodha wawili. Kabla ya vita vya 1914 Waingereza walikuwa na meli yao katika ziwa hili, Guendolen, nahodha wake akiitwa Rhoades, na Wajerumani walikuwa na yao, Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Ziwa zima, meli mbili zenye bunduki, na wazungu wawili wapweke: walikuwa marafiki, wakikutana hunywa pamoja. Agosti 1914 habari za vita zikamfikia Rhoades. Hazikuwa zimemfikia Berndt. Rhoades akavuka ziwa mpaka Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaifyatulia mzinga. Berndt akaja mbio kwa mashua ndogo, amefura kwa hasira, akimuuliza rafiki yake kama amelewa. Alijibiwa kwamba kuna vita, na kwamba yeye ni mateka.

"Alidhani amelewa," Shangazi akarudia polepole. "Yaani katika kuwaza kote, hilo ndilo lililomjia la kwanza."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu pale. Berndt alikuwa na sababu. Alimjua rafiki yake akiwa na chupa, akiwa na kicheko, akiwa anabishania kitu kisicho na maana. Kwa ujuzi huo wa juu juu, mzinga ulikuwa na maelezo ya namna moja tu. Amri iliyotoka Ulaya kwa waya ndiyo iliyokuwa kitu cha kina, na ilikuja na kiza chake.

Asubuhi wavuvi walirudi na mitumbwi, tukanunua mbasa wawili. Tukakaa kwenye mawe kando ya maji kuwaparua, Shangazi akigawa kazi. Hakuna aliyekuwa anazungumza jambo la maana. Fundi alikuwa anabisha kwamba mbasa ni mtamu kuliko changu, Shangazi, mtu wa bahari, alikuwa amekasirika kweli kweli, mimi nilikuwa nimechukua upande wa samaki wa bahari bila kuwa na hakika. Shangazi akamtazama samaki aliyeko mikononi mwa Mwalimu.

"We Mwalimu, mbona umeparua katikati tu? Huku pembeni magamba yote yapo."

"Pembeni sioni," akasema Mwalimu.

"Huoni vipi?"

"Pembeni sioni. Tangu mwaka juzi. Presha ya macho."

Alisema vile vile alivyosema mbasa ana miiba midogo. Mikono yake haikusimama. Akaeleza kidogo: matone anayotia kila jioni, ambayo alituambia ni ya vumbi, ndiyo dawa, dawa inashikilia kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Mbele anaona vizuri bado. Kingo ndizo zinazoliwa, kidogo kidogo, kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa. Alichelewa kupimwa kwa sababu hakuna kilichouma.

Shangazi akamnyang'anya samaki. "Basi mpe huyu," akaniwekea mimi mapajani, na magamba yote. "Wewe chukua hivi vitunguu. Na ukijikata nitakupiga." Kisha akamrudia Fundi pale pale walipoachia: changu anayemfahamu yeye Fundi ni yule wa barafu, wa Dar es Salaam, siku nne sokoni, huyo si changu.

Nilikaa na samaki wangu. Nikakumbuka sikio kwenye picha. Nikakumbuka mizizi ya Ngosi, na viatu vilivyolaumiwa, na ule weupe ambao mbele yake sote wanne tulikuwa hatuoni kitu. Fundi hakusema neno lolote juu ya macho, wakati ule wala baadaye. Baada ya kula alikwenda kuosha vioo vya gari. Alichukua saa nzima, na maji ya ziwa ndoo kwa ndoo, ndani na nje.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Lyulilo, hapo jirani, kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe, kijiji kilicho ng'ambo ya rasi, huvifinyanga kwa mikono bila gurudumu, na huvileta kwa mitumbwi, vimepangwa kwa nyasi katikati hadi mtumbwi unabaki na ukingo wa viganja viwili juu ya maji. Zamani vilibadilishwa kwa nafaka ya watu wa bondeni. Siku hizi vinapanda malori hadi Dar es Salaam, na unaweza kuvikuta kando ya barabara kwa bei mara tatu. Tulinunua kimoja, kikubwa, cha tumbo pana, chenye nakshi nyeupe shingoni. Kimoja kwa sababu hazina ya Shangazi iliruhusu kimoja. Hapo ugomvi wa kweli wa safari ukazuka: kitakaa kwa nani? Kila mmoja alikuwa na hoja. Muuzaji, mama mtu mzima, alitusikiliza muda, akatuambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba chungu hakikai, chungu kinapikiwa. Hatukumwelewa kama anatusuta au anauza. Tulipomshukuru alijibu kwa lugha yake, na Fundi peke yake akajua cha kuitikia.

Kurudi tulipitia juu. Ukishaipita Tukuyu kwenda Mbeya, pale Isyonje, kuna barabara ya kulia inayopanda Kitulo. Kabla hatujaondoka Shangazi alitoka kiti cha mbele bila kueleza, akaja kukaa nyuma na mimi, akasema mgongo unamuuma na mbele kunamrusha. Mgongo wake ni mzima kuliko wangu. Mwalimu akakaa mbele, ambako ndiko anakoona, chungu kikiwa mapajani mwake kimefungwa kwenye vile vitenge viwili vya Iringa.

Kitulo ni uwanda wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hifadhi ya taifa tangu 2005, na katika Afrika haina wenzake wengi: hifadhi iliyowekwa kwa ajili ya maua. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu. Kuna zaidi ya aina 40 za okidi, na sababu mojawapo ya kuzilinda ni kwamba viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa kuwa chikanda. Desemba mvua imekwisha kuziamsha. Njano, waridi, nyeupe, na nyasi zinazopinda kwa upepo mpaka mwisho wa macho. Hakuna mti. Baridi ilikuwa ya kukata maneno.

Na Fundi akasimama. Hapakuwa na mahindi, hapakuwa na trafiki. Alizima injini, akashuka, akajifanya anakagua tairi la mbele kushoto. Mwalimu akafungua mlango, akashuka taratibu, akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, na akasogeza uso karibu na ua moja, mbele kabisa, kama alivyofanya kwa sarafu ya Masoko. Tukamwacha. Akahamia jingine. Baada ya robo saa tukaondoka, na mita 500 mbele Fundi akasimama tena: lile la kulia sasa, sijui lina nini. Kabla ya Matamba matairi yote manne yalikaguliwa, na la akiba. Shangazi alitaka kusema kitu, nikamfinya.

Kutoka Matamba barabara inashuka kwenda Chimala kwa kona zilizoipa jina lake, Hamsini na Saba. Uwanda wa Usangu umelala chini kule, wa rangi ya majivu, na barabara kuu imekuwa uzi. Mwalimu alizihesabu kwa sauti akapata 54. Shangazi alipata 61. Fundi akasema yeye alikuwa anaendesha, hakuwa anahesabu, na kama kuna mtu ana shaka turudi juu tuanze upya. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Tulibishana mpaka Makambako, tukanunua mahindi.

Chungu kilishuka Morogoro pamoja na Mwalimu, kwa makubaliano kwamba kitakaa kwake miezi mitatu, kisha kije kwangu, kisha kwa Shangazi, na Fundi awe wa mwisho kwa ajili ya vile vitunguu. Miezi mitatu imepita mara mbili sasa. Nimempigia simu nikamwambia anitumie kwa basi, kuna makondakta waaminifu. Anasema basi haliwezekani, kitavunjika. Anasema mkewe amekwisha kukipikia maharage na kimekolea, na wanaokitaka wanajua njia.